Kichupa cha Watoto Kumi

Kama unanisikiliza ukiwa Makuyuni, pokea salamu zako kabla ya wengine. Nasema Makuyuni ya Korogwe, hii iliyo kwenye njia ya reli ya Tanga, si ile ya Monduli ambako magari ya watalii hukata kona kuelekea Ngorongoro. Makuyuni ziko nyingi nchi hii. Mikuyu haikuchagua mkoa. Na ndugu zangu wa Handeni, ng'ambo ya mto Pangani, msizime redio. Ya leo ni yenu vilevile.

Nataka tuzungumze juu ya surua, na nitaanza na kichupa.

Chanjo ya surua inayotumika Tanzania huja pamoja na ya rubela ndani ya kichupa kimoja kidogo cha kioo. Ndani mna unga mkavu. Muuguzi huvuta maji maalumu yaliyoletwa pamoja na kichupa hicho, akayaingiza, akatikisa taratibu, na hapo chanjo huwa tayari kwa watoto kumi. Kumi, msikilizaji, kwa mpigo mmoja. Tangu unga ule ulipokutana na maji, muda unaanza kuhesabiwa, na zikipita saa sita chochote kilichobaki humwagwa, hata kama amechomwa mtoto mmoja na dozi tisa ziko palepale. Chanjo hii haiwekewi dawa ya kuzuia vijidudu, kwa hiyo kichupa kilichochanganywa leo kikatumika kesho kinaweza kumuua mtoto.

Sasa twende kwenye zahanati yoyote ya kijijini. Jumanne, saa nne asubuhi. Mama amefika na mtoto mgongoni, umri miezi 18, kadi ya kliniki imekunjwa ndani ya kanga. Kwenye benchi hakuna mtoto mwingine wa umri huo. Muuguzi anatazama benchi, anatazama jokofu, anakumbuka ripoti ya mwisho wa mwezi inayouliza dozi ngapi zimepotea na kwa sababu gani. Anasema kwa upole kabisa: "Mama, leo uko peke yako. Njoo Alhamisi, ndiyo siku ya surua, wenzio watakuwapo." Mama anaitika, "Haya, sista," anamfunga mwanawe mgongoni, anaondoka.

Alhamisi inanyesha. Alhamisi ya pili ni palizi, na palizi haingoji. Baada ya hapo ana mimba nyingine, miguu imevimba, na baba watoto anauliza bodaboda ya kwenda na kurudi italipwa na nani, ilhali huyu mtoto mbona mzima, anakimbia, anakula ugali.

Robo mwaka ikiisha, mtoto yule anaonekana kwenye takwimu kama aliyepata dozi ya kwanza na hakurudi kwa ya pili. Kwenye kikao cha mjini, chenye maji ya chupa mezani, utasikia: wazazi wamekuwa wazito, wazazi wana imani potofu, wazazi waelimishwe. Mimi jioni hii nina neno moja, na nitalirudia mpaka mnichoke. Mama huyu hakukataa chanjo. Alikuja, tukamrudisha.

Kabla sijaendelea, chukua kalamu kama unayo karibu, tupige hesabu kidogo. Surua imezungumzwa sana kwa hasira, na hasira haijui kutoa wala kujumlisha.

Dozi ya kwanza hutolewa mtoto akitimiza miezi 9. Haitolewi mapema zaidi kwa kuwa mtoto huzaliwa na kinga aliyoipokea kwa mama yake, na kinga hiyo, ikiwa bado imo damuni, huishinda chanjo kabla haijafanya kazi. Hata akifika miezi 9, mabaki yake yapo kwa baadhi yao, na mwili wenyewe bado mchanga. Kwa hiyo katika kila watoto 100 wanaochomwa dozi ya kwanza kwa umri huo, inashika kwa 85 hivi. Wale 15 wamelia, wamechomwa, kadi zimejazwa, mama zao wametimiza wajibu, na bado hawana kinga. Hakuna aliyekosea hapo. Dozi ya pili, ya miezi 18, ambayo nchi yetu iliingiza kwenye ratiba mwaka 2014, kazi yake kubwa ni kuwafuata hao 15.

Haya, tuseme, kwa mfano tu, kuna eneo linalozaliwa watoto 400 kwa mwaka. Asilimia 90 wanapata dozi ya kwanza. Kwa asilimia hiyo mratibu wa chanjo atapongezwa mbele za watu. Watoto 360 wamechomwa. Imeshika kwa 306. Watoto 94 wamebaki bila kinga. Mwaka unaofuata, 94 wengine. Wa tatu, hali ileile. Wa nne unapokwisha unao watoto 376 wasio na kinga, karibu sawa na wote waliozaliwa mwaka mmoja, wamejirundika kama kuni kavu nyuma ya jiko. Huwaoni, kwa sababu wanacheza na wenzao. Na ubaoni pale ofisini bado imeandikwa asilimia 90.

Huo ni mfano wa eneo linalofanya vizuri. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa 2015 na 2016 ulikuta kwamba robo tatu ya watoto wenye umri kati ya mwaka mmoja na miwili walikuwa wamepata chanjo zote za msingi. Utafiti wa aina hiyohiyo ulipofanyika mwaka 2022, ilikuwa nusu na kidogo. Katika miaka sita, msikilizaji, tulishuka kutoka robo tatu hadi nusu, na sikumbuki kusikia king'ora chochote kikilia.

Surua yenyewe haihitaji mlango mkubwa. Katika magonjwa yote tunayoyajua, ni machache yanayoambukiza kwa kasi yake. Mgonjwa mmoja, akiingia mahali ambapo watu hawana kinga, huambukiza wengine 12 hadi 18. Akikohoa chumbani akatoka, kirusi hubaki hewani hadi muda wa saa mbili, kikimngoja atakayeingia. Na mgonjwa huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele kutokea, wakati bado anaonekana ana mafua ya kawaida, macho mekundu, kikohozi na homa, nawe unampakata ndani ya basi la Arusha ukisema huyu ni vumbi la njiani. Ndiyo maana wataalamu wanataka watoto 95 kati ya 100 wawe wamepata dozi zote mbili. Sisi tulioko kwenye barabara kuu, abiria wa kaskazini, wa Tanga na wa Dar es Salaam wote wakipitia kwetu, tuna sababu zaidi ya kuitaka hiyo 95.

Kwa kuwa hesabu ile ya kuni inajulikana, kila baada ya miaka kadhaa serikali hufanya kampeni, watoto wote wa umri fulani wakachomwa tena bila kujali kadi inasema nini. Oktoba 2014 walichanjwa watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15, zaidi ya milioni 20 nchi nzima. Oktoba 2019 ikafanyika nyingine, ya watoto wa chini ya miaka mitano. Halafu ikaja korona na mambo yake, na kampeni iliyofuata ikawa Februari 2024. Katikati ya kampeni hizo mbili, kuni zilikuwa zinaongezeka. Desemba 2022 habari zikatoka mkoani Katavi, Halmashauri ya Mpimbwe, wilaya ya Mlele, kwamba surua imeua watoto 13. Mpimbwe ni mbali na Makuyuni, nakubali. Lakini nikisoma mazingira ya huko, vijiji vilivyotawanyika, wakulima na wafugaji wanaohama kufuata ardhi na malisho, zahanati iko huku na shamba liko kule, naiona Handeni yote.

Na vifo vya surua havihesabiki vyote. Hapa naomba unisikilize taratibu, kwa sababu jambo hili si wengi wanalijua. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa watoto wa Uholanzi ambao wazazi wao hawakuwachanja, wakaugua surua. Damu zao zilipimwa kabla na baada ya kuugua. Ikaonekana kwamba surua ilikuwa imefuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mwili ulikuwa umejifunza kupambana na vijidudu vya kuhara, vya nimonia, vya masikio, na surua ikaja ikafuta mafunzo hayo. Sasa linganisha na ya kwetu. Mtoto anaugua surua mwezi wa tatu, anapona, jirani wanakuja kumpa mama pole na hongera. Mwezi wa sita anaharisha siku tatu, anakufa. Mbele ya kaburi utasikia ni tumbo. Surua imekwisha sahaulika, na kwenye rejesta haimo.

Najua kuna msikilizaji anayesema, mzee, unawatetea akina mama kupita kiasi, wapo wanaokataa kabisa. Wapo. Sitadanganya. Zimbabwe mwaka 2022 surua iliua watoto zaidi ya 700, na wengi walitoka kwenye madhehebu yanayokataza waumini kutumia dawa za hospitali. Jirani zetu wa Kenya, mwaka 2014 maaskofu wa Katoliki walipinga hadharani kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake, wakidai inaharibu uzazi, na mpaka leo neno lile la uzazi linasafiri kijiji hadi kijiji, likihama kutoka chanjo moja kwenda nyingine. Na hapa kwetu Januari 2021 Rais alisimama Chato akasema chanjo za korona hazifai; Julai mwaka uleule Rais mwingine akachomwa chanjo hiyohiyo mbele ya kamera. Mwananchi wa kawaida afanye nini hapo? Aliyesita simcheki.

Lakini kwa upande wetu wa Korogwe nina ushahidi wa kinyume, na ushahidi huo uko Magunga, hospitali ya wilaya. Pale ndipo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ilipofanyia majaribio ya chanjo ya kwanza ya malaria. Jaribio moja, Korogwe na Kilifi ya Kenya kwa pamoja, lilihusisha watoto 894 wa miezi 5 hadi 17, na matokeo yake yalichapishwa Desemba 2008. Mwaka uliofuata likaanza jaribio kubwa, watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, na Korogwe ikawa miongoni mwa vituo 11. Watoto wa vijiji vya wilaya hii walichomwa, wakatolewa damu, wakafuatiliwa miaka. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipitisha chanjo hiyo itumike, na mpaka hapo watoto wa Ghana, Malawi na Kenya walikuwa wameshaanza kuipata. Imejengwa juu ya mikono ya watoto wa Korogwe, na ya mama zao.

Basi niulize swali la kijinga. Mama aliyekubali mwanawe achomwe chanjo ambayo dunia nzima ilikuwa haijajua kama inafanya kazi, huyohuyo ataogopa chanjo ya surua ambayo bibi yake alichanjiwa watoto? Tofauti ninayoiona ni ndogo na ya aibu. Kule kwenye utafiti alifuatwa nyumbani. Aliitwa kwa jina. Alielezwa mtoto anachomwa nini na kesho atajisikiaje. Gari lilikuja. Kwenye chanjo ya kawaida anaambiwa njoo Alhamisi.

Hilo la kuelezwa mtoto atajisikiaje nilishikilie kidogo. Chanjo ya surua ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Siku ya saba hadi ya kumi na mbili baada ya sindano, baadhi ya watoto hupata homa, na wachache vipele vyepesi, kisha huisha vyenyewe. Mama ambaye hakuambiwa hivyo, mtoto akichemka usiku wa siku ya nane, atasema nini? Atasema wamempa ugonjwa mwanangu. Asubuhi atamwambia shoga yake kisimani. Uvumi mwingi ninaousikia haukutoka kwenye simu za kisasa, ulizaliwa kwa muuguzi aliyekuwa na foleni ya watu 80 akakosa dakika moja ya kusema, "Mama, wiki ijayo anaweza kuchemka kidogo, usiogope."

Na yapo mengine yanayomzuia mama ambayo hayana uhusiano wowote na imani. Kadi imepotea au imeliwa na panya, naye anaogopa kufokewa mbele ya wenzake. Mtoto alizaliwa nyumbani, na amesikia kuna vijiji vinavyotoza faini kwa hilo. Mtoto ana nguo moja. Tunacheka, lakini ulizeni wanawake.

Turudi kwenye kichupa. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: kichupa cha surua kifunguliwe hata kama aliyekuja ni mtoto mmoja, na dozi zitakazomwagwa zihesabiwe kuwa ni gharama ya kawaida ya kazi. Wenye ghala husononeka, naelewa, dawa ni mali ya umma. Ila mali ile ilinunuliwa iingie kwenye mkono wa mtoto. Zambia, majirani zetu wa kusini magharibi, walijaribu katika baadhi ya wilaya kutumia vichupa vya dozi tano badala ya kumi. Watoto waliochanjwa wakaongezeka na dozi zilizomwagwa zikapungua. Muuguzi mwenye kichupa cha watano hasiti kukifungua. Hili si jambo la kuhubiria wazazi, ni jambo la anayeagiza chanjo kwa niaba ya taifa, na sijui kwa nini semina nyingi huliruka.

Mpaka vichupa vidogo vije, mganga mkuu wa wilaya anaweza kuandika barua fupi sana kwenda zahanati zote: hakuna mtoto wa miezi 9 au 18 kurudishwa, na hakuna muuguzi atakayeulizwa kwa dozi zilizomwagwa kwa sababu hiyo. Sentensi mbili. Muuguzi wa kijijini hamwogopi mama wa watu. Anaogopa fomu.

Sasa surua ikiwa imekwisha ingia, tufanyeje? Hapa nitaongea kwa haraka. Mtoto mwenye homa na vipele, pamoja na kikohozi, mafua au macho mekundu, apelekwe kituoni siku hiyohiyo, na ukifika mwambie mhudumu tangu mlangoni kwamba unashuku surua, asikae kwenye benchi moja na vichanga. Atatolewa damu kidogo, sampuli iende maabara ya taifa. Wakithibitishwa wagonjwa watatu wilayani ndani ya mwezi mmoja, huo ni mlipuko, na kazi inabadilika: chanjo inaweza kuanzia miezi 6 badala ya 9, na dozi hiyo ya mapema haihesabiwi, mtoto atachomwa tena kwa ratiba yake. Na kama mtoto wa jirani ameugua na wako hajachanjwa, una siku tatu. Chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu akutane na mgonjwa, inaweza kuuzuia ugonjwa au kuupunguza makali. Usingoje uone kama vipele vitatoka.

Macho ya mtoto mwenye surua, tafadhali, yasitiwe kitu. Najua dawa za nyumbani za surua zipo, wazee wa pwani wanajua habari ya kumpaka mgonjwa tembo la mnazi, na juu ya ngozi sitagombana na bibi ya mtu. Jicho ni jambo jingine. Daktari Allen Foster na mwenzake Alfred Sommer waliandika mwaka 1987 juu ya upofu wa watoto Tanzania, na walichokuta ni vitu vitatu vikisaidiana: surua, upungufu wa vitamini A, na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Watoto wale leo ni watu wa miaka arobaini na kitu. Wengine mnawajua.

Katika mwaka uleule wa 1987, Foster na Sommer, pamoja na mwenzao mmoja, walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya katika hospitali ya Mvumi, Dodoma. Watoto 180 wenye surua. Nusu hivi walipewa vitamini A kwa wingi, wengine wakatibiwa kama kawaida. Kati ya 88 waliopewa, walikufa 6. Kati ya 92 ambao hawakupewa, walikufa 12. Ni kutokana na majaribio kama hilo la Mvumi ndipo leo mtoto mwenye surua popote duniani hupewa vitamini A, dozi siku mbili mfululizo, chini ya uangalizi wa mhudumu. Ni mchango wa Wagogo kwa dunia ambao hauimbwi.

Na tazama ulimwengu ulivyo na vichekesho vichungu. Marekani ilitangaza mwaka 2000 kwamba imeitokomeza surua. Mwanzoni mwa 2025 surua ikalipuka magharibi ya jimbo la Texas, kwenye jamii ambayo wengi hawakuchanja watoto, na watoto wawili wa shule wakafa, wote hawakuwa wamechanjwa. Viongozi wao wakubwa wakaanza kuisifia vitamini A, ile ya Mvumi, kana kwamba ni mbadala. Wazazi wakawa wanawanywesha watoto mafuta ya samaki nyumbani, hadi madaktari wa mji wa Lubbock wakapokea watoto ambao ini limeanza kuathirika kwa vitamini kuzidi. Mvumi ilitufundisha kumwokoa mgonjwa mwenye njaa ya vitamini. Kumkinga asiugue ni kazi ya chanjo, na hakuna kirutubisho kinachoifanya.

Nimeitaja Marekani kwa sababu nyingine pia. Juni 2025 walitangaza kuacha kuichangia Gavi, mfuko unaosaidia nchi kama yetu kununua chanjo. Na mtandao wa maabara zaidi ya 700 duniani zinazopima surua ulikuwa ukitegemea fedha zao peke yao. Kwa hiyo yale niliyosema ya kumwaga dozi tisa kwa ajili ya mtoto mmoja, kuna atakayeniambia wakati wa kusema hivyo umepita, sasa tubane. Nasema ndiyo wakati wake. Kumlaza mtoto mmoja mwenye nimonia ya surua, oksijeni, dawa, mama yake wiki mbili hayuko shambani, gari la wagonjwa kutoka kijijini hadi Magunga. Aliye na kikokotoo aketi apige, kisha alinganishe na kichupa.

Kuna kazi moja ambayo haihitaji fedha za wafadhili. Kila zahanati ina rejesta ya watoto. Ndani yake yamo majina ya waliopata dozi ya miezi 9, na majina ya waliopata ya miezi 18. Tofauti ya orodha hizo mbili ni watoto wenye majina, wenye vitongoji, ambao mama zao wana simu au jirani mwenye simu. Mhudumu wa afya ya jamii anawajua. Mwenyekiti wa kitongoji anawajua. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaokuja, baada ya mapato na matumizi, mtu anyanyuke aulize: ya miezi 9 wangapi, ya miezi 18 wangapi, na hao wanaopungua wako wapi? Asisomwe mtu jina hadharani, maana aibu ikishaingia wataacha kuja hata hao wachache. Iulizwe idadi tu. Halafu muuguzi apewe bodaboda siku moja kwa mwezi, apeleke huduma ya mkoba kule kwenye mashamba ya mkonge, kwenye maboma ya wafugaji, kwenye gulio, akiwa na kasha la baridi na vichupa vyake. Kwenye gulio hawezi kukosa watoto kumi.

Na kwa baba mwenye nyumba anayenisikiliza huku akingoja chakula: kadi ya mtoto iko wapi? Usimwulize mama yake. Inuka uitafute mwenyewe, uangalie kama mstari wa miezi 18 una tarehe.

Fundi mitambo ananionyesha saa. Wiki ijayo, tukijaliwa, ni zamu ya mahindi na sumukuvu, na wenye maghala Handeni nawaomba mniwekee nafasi, nina maswali. Usiku mwema.